Goli la Tatu Lilifungwa Chamazi, Mastaa Walikuwa Wapi?

Kuna staa mmoja wa kike hapa mjini, jina halitajwi kama kawaida ya ukurasa huu, akisoma mwenyewe atajijua. Desemba 2023, siku Twiga Stars walipokata tiketi ya kwenda WAFCON, dada wa watu alikuwa wa mwanzo mwanzo kuposti. Jezi ya taifa kaivaa, nywele zimelala chini kama zimepigwa pasi, kope hizo, bendera begani. Maelezo chini ya picha yakawapongeza Kilimanjaro Queens, wanawake wanaweza, na kadhalika na kadhalika. Halafu akamalizia na vikatuni vya simba wawili.

Simba wawili, wadau. Kwenye pongezi za Twiga.

Watu wakamvaa. Kilimanjaro Queens ni timu ya Tanzania Bara, ile inayocheza CECAFA, ndiyo iliyobeba kombe la ukanda huu 2016 na 2018. Twiga Stars ndiyo timu ya taifa inayokwenda Afrika. Ni sawa na kwenda ukumbini ukampongeza bibi harusi kwa jina la dada yake, tena kwa kipaza sauti. Baada ya muda maneno yakabadilishwa kimyakimya, simba wakaondoka, maisha yakaendelea. Laiki alizopata hazikurudishwa kwa mwenyewe.

Sasa ishu si kukosea jina. Kukosea kila mtu anakosea. Ishu ni kwamba siku ile anaposti, kazi ilikuwa imeshafanyika siku chache nyuma, hapa hapa Dar es Salaam, Chamazi, na yeye hakuwepo. Wala hakuwepo yule msanii wa Bongo Fleva aliyeposti baada yake. Wala mchekeshaji. Wala yule mwenye kipindi cha mtandaoni anayejiita baba wa michezo.

Kwa wale ambao mpira wanaukuta kwenye stori tu, hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu. Mechi za kufuzu WAFCON huchezwa mbili mbili, moja nyumbani, moja ugenini, magoli yanajumlishwa. Twiga Stars walicheza na Togo. Mechi ya kwanza, uwanja wa Azam Complex, Tanzania wakashinda 3-0. Wakaenda kwao Togo wakafungwa 2-0. Jumla 3-2, Tanzania ndani.

Rudia hapo. Ugenini walifungwa mbili bila. Kama Chamazi wangeshinda 2-0 tu, ambayo kwa Mbongo yeyote ni ushindi wa kuoga na kulala, mambo yangekwenda kwenye penalti, tena penalti za ugenini, uwanja mzima unakuzomea. Wangeshinda 1-0, safari ingeishia palepale. Kwa hiyo kilichowapeleka Morocco ni goli la tatu. Lile ambalo timu nyingi zikishaongoza mbili haziendi hata kulitafuta, zinaanza kupoteza muda na kujiangusha. Goli ambalo ukiwa jukwaani unajiuliza hili la nini tena, mechi si imeshaisha.

Mechi haikuwa imeisha.

Na kabla ya Togo kulikuwa na Ivory Coast, Septemba ya mwaka huohuo. Ivory Coast si timu ya kubeza, waliwahi kwenda Kombe la Dunia la wanawake 2015. Twiga Stars walikwenda kwao wakachapwa 2-0. Hapo mjini kila mtu akafunga kitabu. Wakarudi Dar, wakashinda 2-0, ngoma ikaenda penalti, wakapita kwa 4-2. Mechi mbili kubwa za kufuzu ndani ya miezi mitatu, na zote mbili ziliamuliwa na kilichofanyika nyumbani. Yaani timu hii tiketi yake inakatiwa nyumbani. Ugenini inakwenda kuilinda tu.

Ndiyo maana swali la nani alikuwa uwanjani si swali la umbea. Ni swali la mpira.

Mtu atasema Chamazi mbali. Mbali na wapi? Unafika Mbagala Rangi Tatu, unabadilisha gari au unadandia boda, umefika. Wapo mastaa wanaokwenda Dubai kufuata mkoba, wanarudi na kesho yake wanaonyesha risiti. Wapo wanaokwenda Dodoma wakiitwa na mheshimiwa saa sita usiku. Chamazi ndiyo inakuwa safari ya hijja.

Ukweli mwingine usemwe. Mechi hizi zinawekwa katikati ya wiki, jioni jioni, watu wako kazini, na matangazo yake hutoka kama tangazo la kukatika umeme: unalisoma wakati giza limeshaingia. Wanaohusika na hilo wanajijua pia. Ukitaka uwanja wa watu kama elfu kumi ujae siku ya kazi, huwezi kutupa bango moja juzi yake ukakaa kusubiri. Lakini hapo ndipo mastaa wangesaidia kuliko mtu yeyote. Mtu mwenye mafolowa milioni kadhaa, akiandika tu kwamba kesho saa kumi yuko Chamazi, vijana wa Mbagala nzima watajaa pale hata kama nusu wamekuja kumwangalia yeye na gari lake. Haina shida. Kelele ni kelele. Kipa wa Togo hawezi kujua anayepiga makelele kaja kumfuata nani.

Na uwezo huo wanao, wameshauonyesha. Simba Day ikifika, Siku ya Mwananchi ikifika, Mkapa panajaa tangu mchana, watu wamekaa juani na chapati zao, na wasanii wanagombania kupanda jukwaani. Wengine wanashushwa kwa kamba kutoka juu kama maigizo ya Kihindi. Hakuna anayesema mbali. Hakuna anayesema jua. Kule kuna hela, kuna kamera, na kuna timu mbili ambazo ukiigusa moja umegusa nusu ya nchi. Sawa, biashara ni biashara. Ila mtu asije akavaa bendera akadai ni uzalendo.

Tukio la msanii wa Bongo Fleva linahitaji aya yake. Huyu baada ya tiketi kupatikana aliingia laivu, akasema amelia, akasema wasichana wamemkumbusha mama yake, akaahidi zawadi kwa kila mchezaji. Watu wakapiga skrinshoti. Mitandao ya habari ikaandika. Wimbo wake mpya uliokuwa umetoka wiki ileile ukapanda vizuri tu. Zawadi yenyewe hadi leo hakuna aliyeona picha yake. Inawezekana aliitoa kimyakimya, bila kamera, kwa siri kati yake na Mungu wake. Kama ni hivyo, basi hicho ndicho kitu cha kwanza alichowahi kufanya kimyakimya tangu aanze sanaa.

Wale wanaodhani kukosa goli moja nyumbani ni jambo dogo, warudi 2018. Twiga Stars walicheza na Zambia kufuzu fainali za mwaka ule. Dar es Salaam ikaisha 3-3. Kule Lusaka ikaisha 1-1. Mechi mbili, hawajafungwa hata moja, na wakatoka, kwa sababu Zambia walikuwa na magoli mengi ya ugenini. Magoli matatu waliyoruhusu nyumbani ndiyo yaliwamaliza. Zambia wakaenda fainali, wakazidi kukua, wakawa wa tatu Afrika 2022, wakaenda Kombe la Dunia 2023 na kule wakaifunga Costa Rica 3-1. Leo mtoto wa Kariakoo asiyemjua mchezaji hata mmoja wa Twiga anamjua Barbra Banda. Hakuna anayesema Tanzania wangefika hapo hapo. Lakini miaka mitano nyuma timu hizo mbili zilimaliza dakika 180 sawa kwa sawa, na mlango ukafunguka kwa mmoja.

Mashabiki wangapi walikuwepo siku ile ya 3-3? Nani staa alikuwepo? Hata picha ni za kutafuta.

Kabla ya hapo Tanzania ilikuwa imewahi kufika fainali mara moja tu, 2010, Afrika Kusini. Walifungwa mechi zote tatu, 2-1 na wenyeji, 3-2 na Mali, 3-0 na Nigeria. Baada ya hapo ikawa kugonga mlango na kurudishwa, kugonga na kurudishwa. Wachezaji waliomaliza ujana wao kwenye mechi hizo za kufuzu wapo mtaani, wengine makocha wa watoto, wengine wanauza vitu vyao, na ukipishana nao sokoni humjui. Hawakuwahi kupata ile picha ya uwanja wa ndege.

Ukurasa huu mastaa hautaji. Wachezaji leo watatajwa, kwa sababu wao ndio wasiojulikana.

Clara Luvanga anakipiga Al Nassr ya Saudi Arabia. Ndiyo, Al Nassr ileile ya Ronaldo, upande wa wanawake. Kuna kijana hapa Sinza ana jezi tatu za Al Nassr na hajui kwamba kuna Mtanzania anaivaa hiyo jezi kazini. Aisha Masaka alicheza Ligi ya Mabingwa ya Ulaya akiwa na BK Häcken ya Sweden, kisha akasajiliwa Brighton ya Uingereza. Uingereza, wadau, ligi ambayo watu wanaitolea mikeka kila Jumamosi. Julietha Singano amekwenda hadi Mexico, anacheza Juárez. Hawa watu wakitua Dar hakuna msafara. Wanachukua begi lao kwenye mkanda, wanapiga simu ya Bolt.

Mdada wa mjini akienda siku nne Istanbul kuweka meno, siku ya kurudi kuna mashada ya maua na ngoma ya matarumbeta.

Haya, ikaja fainali yenyewe. WAFCON iliyoitwa ya 2024 ikachezwa Julai 2025 kule Morocco. Tanzania kundi moja na Mali, Afrika Kusini na Ghana. Mechi ya kwanza wakafungwa 1-0 na Mali. Mechi ya pili wakatoka 1-1 na Afrika Kusini. Afrika Kusini wale walikuwa mabingwa watetezi, walibeba kombe 2022. Opa Clement ndiye aliyetangulia kufunga, Tanzania wakaongoza mbele ya bingwa wa Afrika, na mwisho wakapata pointi ya kwanza kabisa katika historia ya nchi kwenye fainali hizo.

Nenda kwenye kurasa za mastaa uangalie siku hiyo. Kuna aliyekuwa anatangaza mafuta ya kung'arisha magoti. Kuna waliokuwa wanagombana nani kamfolou nani. Pointi ya kwanza ya historia ikapita kama daladala lililojaa, halikusimama.

Mechi ya tatu Ghana wakashinda 4-1. Hapo sasa ndipo mjini kukaamka!

Mchekeshaji mmoja, huyu naye ni wa mafolowa wengi, akatoa klipu. Kavaa jezi, kajichora ndevu kwa wanja, anatembea kwa kuchanua mabega, anajiita jina la kike kwa sauti nzito. Anapiga mpira unampita. Maana ya kichekesho unaijua: hawa si wanawake, halafu hata mpira wenyewe hawajui. Ikasambaa. Mastaa waliokuwa na jezi mwaka mmoja na nusu nyuma wakaweka vikatuni vya kulia kwa kucheka. Akiwemo yule wa simba wawili, ambaye wanawake wanaweza.

Hapa utani uwekwe pembeni kidogo.

Kuna msichana wa miaka kumi na nne yuko Tandika au Manzese, anacheza na wavulana kwenye uwanja wa vumbi, ni mzuri kuliko wote. Nyumbani anaambiwa maneno matatu kila siku. Utaota ndevu. Utakuwa jike dume. Nani atakuoa. Mama yake si mtu mbaya, anaogopa tu, maana anajua mtaa unavyosema. Siku moja mama huyo anashika simu ya mwanawe mkubwa, anakutana na ile klipu. Anacheka, kwa sababu mchekeshaji ni fundi, hilo haliwezi kukataliwa. Halafu anaacha kucheka. Viatu vya mpira vya binti vinahamishwa juu ya kabati. Hakuna kikao, hakuna ugomvi, viatu tu vimehama.

Mchekeshaji hatamjua kamwe mtoto huyo. Timu ya taifa nayo haitamjua. Na miaka kumi baadaye watu watakaa kujiuliza kwa nini Tanzania haina mabeki.

Kwenye komenti za klipu ile waliomtetea walikuwa na hoja yao. Wakasema timu za wanaume nazo zinatukanwa, Taifa Stars wametukanwa hadi wamezoea, mbona hamlii. Ni kweli, Taifa Stars wanatukanwa. Wanatukanwa kwa kukosa magoli. Hakuna mtu aliyewahi kuwaambia vifua vyao havifai. Hakuna mshambuliaji wa Taifa Stars aliyekosa penalti akaambiwa hataolewa. Ukimwambia Diana Lucas kwamba wamefungwa nne, sawa, wamefungwa nne, na goli moja la Tanzania siku ile lilikuwa la kwake. Hiyo ni habari ya mpira. Ndevu za wanja si habari ya mpira.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, na haifai kukimbiwa. Watu wanasema mastaa hawadaiwi kitu. Hawakuajiriwa na timu ya taifa. Mbona wewe unayelalamika hukuwepo? Na hapo wasomaji wengi wa ukurasa huu wanabanwa, maana siku ya Togo walikuwa wanajua zaidi rangi ya gauni la mtu kwenye sherehe ya kuzaliwa Masaki kuliko saa ya mechi. Hilo likubalike. Shabiki wa kawaida naye hakwenda. Tofauti ni moja: shabiki wa kawaida hakwenda na hakudai chochote baadaye. Hakuvaa jezi akajipatia dili la bia. Staa hakwenda, akaja kuvuna. Wakati wa shida akawa wa kwanza kucheka. Mtu anayekula pilau la harusi ambayo hakuichangia anavumilika mjini hapa, wapo wengi. Anayekula pilau halafu akamsema bibi harusi kwamba mweusi, huyo hata jirani mpole atamtoa nje.

Baada ya Julai ile wengi walidhani hadithi imeisha. Kumbe mchujo wa fainali zinazofuata ulikuwa umeshaanza hata kabla ya kwenda Morocco. Februari 2025 Twiga Stars walikutana na Equatorial Guinea, timu iliyobeba ubingwa wa Afrika mara mbili, 2008 na 2012. Nyumbani wakashinda 3-1, ugenini wakatoka 1-1. Ona tena, kazi imefanyika nyumbani. Oktoba 2025 ikaja Ethiopia, na Ethiopia wakatolewa. Tiketi ya pili mfululizo. Nchi iliyokaa zaidi ya miaka kumi ikigonga mlango, sasa inaingia mara mbili bila kubisha hodi. Majirani Kenya nao wakafuzu mwezi huohuo, mara yao ya kwanza tangu 2016, na wenzao wa Nairobi wakashangilia kama wamepata mvua.

Huku nyumbani tiketi ile ilipatikana wiki ya uchaguzi mkuu. Tarehe 29 watu wakapiga kura, na siku hiyohiyo intaneti ikazimwa, ikawa siku kadhaa hakuna kuposti wala kuona. Kilichotokea siku zile kila mtu anakijua kwa namna alivyokipitia, na hakuna wa kumlaumu kwa kutokumbuka mpira. Kulikuwa na nyumba zenye mazito kuliko mpira. Kwa hiyo timu ilifuzu kwenda Afrika na ikawa kama imefuzu chumbani, mlango umefungwa, taa imezimwa.

Lakini intaneti ilirudi. Novemba ikapita. Watu wakarudi kuuza mawigi, kutangaza mikopo, kuachana na kurudiana. Dada wa simba wawili akarudi na nywele mpya. Msanii wa zawadi akarudi na wimbo. Kuhusu tiketi ya pili, hakuna jezi, hakuna bendera, hakuna machozi ya laivu. Ilikuwa imeshapoa. Kiki ya mpira wa wanawake inaliwa ya moto, ikilala haina mlaji.

Na fainali zinazokuja si za kutalii. Timu nne zitakazofika nusu fainali zinakwenda moja kwa moja Kombe la Dunia Brazil 2027. Mtu akikuambia Tanzania haiwezi, mkumbushe tu kwamba bingwa mtetezi alibanwa 1-1. Hapo ndipo utaona jezi zinapigwa pasi upya.

Ila wapo mastaa na mastaa. Yupo dada mmoja wa filamu, umri umesogea kidogo, wale waliokua na kanda za CD za Bongo muvi wanamjua vizuri, siku hizi haitwi sana kwenye shughuli. Siku ya Togo alikuwa Chamazi. Hakukaa sehemu ya wakubwa. Alikaa mzunguko, kajifunga khanga kiunoni juu ya suruali, kofia, miwani, kamshika mkono mtoto wa mdogo wake. Aliyemtambua ni muuza karanga, na picha iliyosambaa baadaye ilipigwa na huyo muuza karanga, ina ukungu, nusu ni mgongo wa mtu mwingine. Dada kasimama, mikono kichwani, mdomo wazi, anamfokea mwamuzi wa pembeni.

Picha ilipofika mitandaoni watu wakamuuliza mbona yeye mwenyewe hakuposti, wenzake wote wameposti na hawakuwepo. Akajibu kwa ufupi kwamba simu ilizima chaji, na asingeweza kutoka jukwaani kwenda kutafuta umeme, lile la tatu lilikuwa bado halijaingia.